Verlie Doucet, Mwalimu wa Muziki Asiyejua Kupiga Akodioni

Baba Padri, majirani wa Prairie Savoie, na ninyi nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, mimi ni Curley Doucet, kitinda mimba wa nyumba hii, na familia imenipa jukumu la kusoma historia ya maisha yake, ambayo imeandikwa na binti yake Renée, naye ameniomba nisiongeze neno, nitajitahidi.

Dada yetu Verlie Doucet Arceneaux alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, hapa hapa Prairie Savoie, Louisiana, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu mzee Ulysse Doucet, mkulima wa mpunga na mpiga akodioni, na marehemu mama Azélie. Alianza shule Septemba 1954 bila kujua neno la Kiingereza, na kwa kosa la kuomba ruhusa ya kwenda msalani kwa Kifaransa, lugha pekee aliyokuwa nayo, aliandikishwa mara mia mbili kwamba hatarudia, hivyo akajifunza mapema kwamba vya nyumbani vinaachwa langoni. Alimaliza sekondari mwaka 1966 akiwa mpiga klarineti hodari kuliko wote katika bendi ya shule, akasomea muziki mjini Lafayette hadi Mei 1970, na Agosti ya mwaka huo akaajiriwa kufundisha bendi na kwaya katika shule ile ile iliyomlea, akadumu hapo miaka arobaini.

Alifunga ndoa takatifu na Bwana Nolan Arceneaux tarehe 12 Juni 1971, katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Renée mwaka 1973 na Dale mwaka 1976.

Hapa pameandikwa kwamba mwaka 1974 ilitokea tofauti ndogo ya kifamilia. Renée, niwie radhi, haikuwa ndogo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, napiga klarineti kwenye bendi ya dada yangu, na siri yangu ni kwamba sikujua kusoma nota hata moja, nilikuwa nikimsikia mwenzangu mara moja tu naushika wimbo, kama tulivyoshika nyimbo za baba jikoni, na Ijumaa tarehe 22 Machi, wiki moja kabla ya mashindano ya bendi, dada alipita nyuma yangu akaona karatasi yangu ya nota imewekwa kichwa chini, na wimbo unatoka bila kosa. Alisimamisha bendi nzima, akasema mbele ya wanafunzi arobaini na saba, "Curley, weka chini hiyo klarineti utoke, wewe hujui muziki." Nikatoka, nikaenda kufanya kazi kwenye mashine za kukaushia mpunga, na kwa miaka kumi na minane tulikula gumbo, ule mchuzi wetu mzito, meza moja kila Krismasi tukizungumzia mvua.

Jumapili tarehe 4 Oktoba 1992 alikuja jikoni kwangu, kwa sababu alikuwa ameangalia daftari la shule, akaona wanafunzi ni mia nne na kumi na wawili, na wa bendi na kwaya kwa pamoja ni sitini na mmoja tu, na jana yake alikuwa amewakuta watatu aliowafukuza yeye mwenyewe kwenye bendi wakipiga nami barazani kwangu, fidla, gitaa na pembetatu ya chuma ya kugongwa, iliyokunjwa kutoka meno ya reki, tangu adhuhuri, bila karatasi. Akasema, "Curley, niliyekosea ni mimi. Njoo uwafundishe." Nami nikamjibu, "Ulinitoa mbele ya watu, dada. Niombe radhi mbele ya watu." Tarehe 17 Desemba, kwenye tamasha la shule, alisimama mbele ya wazazi wote akaeleza kila kitu, mpaka ile karatasi ya kichwa chini, akaniomba msamaha, watu wakageuka kunitazama, nami nikatazama viatu vyangu, nikachukua akodioni ya baba nikaanza kupiga.

Mkuu wa shule wa wakati huo alimwambia, "Verlie, hiyo ni dansi, si somo, wala haina mashindano," naye akajibu, "Basi hatutashindana," tukapewa chumba cha zamani cha useremala tufundishie, Januari 1993. Nilijaribu miaka tisa kumfundisha akodioni, ikashindikana, vidole vyake vilikuwa vinasubiri karatasi. Alipostaafu Mei 2010, wanafunzi mia mbili thelathini na wanane walikuwa wakifanya muziki, wengine wakitunga nyimbo kwenye kompyuta, jambo nililolipinga, akanicheka, "Unaanza kuwa kama mimi wa zamani."

Oktoba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akauguzwa Lafayette na baadaye nyumbani, hadi Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa nne asubuhi, alipofariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta masufuria ya wali mpaka tukakosa pa kuyaweka, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa bendi, wa kwaya na wa chumba cha useremala.

Karatasi ya Renée imeishia hapa, naiweka chini.

Dada, uliniomba msamaha mbele ya watu, nami sikukujibu. Nilikuwa nimeshakusamehe pale jikoni, kabla kahawa haijapoa, nikanyamaza kwa kiburi miaka thelathini na moja, nikidhani siku bado zipo. Sasa nasema mbele ya watu hawa, nimekusamehe, nawe unisamehe huu ukimya. Lala kwa utulivu, Verlie.