Fundi Tone na Bomba Lisilovuja

Mzee wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Tone, alizaliwa tarehe 3 Machi 1952, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu alizimudu, kunyamaza kulimshinda. Mwaka 1969 mjomba wake akamfundisha ufundi bomba.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, aliyemwita kumtengenezea bomba la jikoni. Mama anasema bomba lilipona siku ile ile, lakini fundi aliendelea kuja kulikagua miezi minne.

Sasa tuje kwenye lile lililompa jina. Aprili 1998, mwalimu mkuu wa shule iliyo kando ya bwawa alimwita: kuna bomba linavuja ndani ya ukuta, tik, tik, tik. Fundi alibomoa ukuta mara tatu. Bomba kavu kabisa! Alipoinua nyundo mara ya nne, mwalimu mkuu akasema, "Fundi, utatuachia shule au kifusi?"

Mzee akatega sikio, akaufuata mlio ule nje, kwa magoti, hadi kwenye majani ya bwawa. Hapo akamkuta mwenye mlio: chura mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Alirudi nyumbani mbio, spana mkononi, suruali tope tupu. "Mama Watoto, bomba lina macho!"

Mtaalamu wa wanyama alikuja, naye akapiga magoti topeni, akasema chura huyo hajawahi kuandikwa popote. Furaha iliyoje! Lakini bwawa lilikuwa lifukiwe, pajengwe maegesho ya magari. Halmashauri ilitaka ithibitishiwe, mwaka mzima, kwamba vyura wale wanaishi pale.

Mzee akagonga kila mlango. "Unaijua sauti ya bomba bovu? Basi wewe ni mtaalamu!" Msusi, muuza nyama, wanafunzi, hata majirani wawili wasiosalimiana, wote walipangiwa zamu za alfajiri, kila mlio, mstari mmoja nyuma ya kalenda. Kalenda zilifika halmashauri zimejaa toroli. Bwawa halikufukiwa, na zamu hazijakoma hadi leo!

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, wodini, muuguzi aliyekulia mtaani kwetu alisikia tik, tik, akaruka. "Baba, chura amekufuata!"

Mzee akasikiliza, akatabasamu. "Hilo ni bomba, binti yangu. Nipe spana."

Alifariki saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, dada mmoja, na milio 214 kwa hesabu ya juzi. Jana alfajiri ilikuwa zamu yake. Tulikwenda bwawani tukijua hatutamkuta mtu. Tulikuta mtaa mzima umesimama kimya, kila mmoja na kalenda yake, unasikiliza.

Pumzika kwa amani, Fundi. Zamu yako ina watu.