Kosa Lililoitwa la Pelkey

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama mimi, Einar, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya dada yetu, Profesa Maren Tollefsrud.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 huko Mayville, Dakota Kaskazini, mtoto wa mzee Nils, mkulima wa ngano, na mama Borghild, akasoma hapo hapo hadi sekondari, na mwaka 1972 akapata shahada ya uzamivu ya hisabati, mwanamke pekee darasani. Tarehe 16 Juni 1973 alifunga ndoa na Carl Hovland, aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa binti mmoja, Solveig, aliyeketi hapa mbele.

Mwaka 1979 alianzisha katika chuo chetu hapa Minnesota mpango wa utafiti wa kiangazi, wiki nane, vijana kumi ambao bado hawajamaliza shahada ya kwanza, kila mmoja akikabidhiwa swali ambalo hakuna mtu duniani aliyewahi kulijibu. Watu walimheshimu, nami siwezi kusema uongo mbele ya jeneza, heshima hiyo aliipenda mno.

Julai 1988 kijana wa miaka ishirini, Dwight Pelkey, mtoto wa dereva wa lori, alinyoosha mkono mbele ya ubao, akasema, "Profesa, hapo ulipoandika 'ni dhahiri', mimi mbona sioni?", wenzake wakaangua kicheko, na marehemu akamjibu, "Usichokiona wewe wenzako wanakiona, andika twende." Akaandika. Makala yenye uthibitisho huo ikachapishwa kwa majina yao wawili, yakapangwa kwa alfabeti kama ilivyo desturi yao, Pelkey kwanza, na mwaka 1991 uthibitisho ulipovunjika kwenye mstari ule ule, marehemu aliulizwa mbele ya mkutano, akasema sehemu hiyo iliandikwa na mwanafunzi. Tangu hapo likaitwa kosa la Pelkey, vyuo vikamfungia Dwight milango, naye akaiacha hisabati, akashika usukani wa lori la baba yake.

Jamani, dada alinyamaza miaka thelathini na miwili. Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, Agosti akamwandikia Dwight kumwomba radhi, na jibu likatoka kwa mama mzazi wa Dwight, kwamba mwanawe alifariki mwaka 2019. Dada alilia siku mbili, kisha akaniita, akanipa karatasi hii, akasema, "Einar, tangu utoto wewe ni bingwa wa kuruka kurasa, hii usiiruke." Solveig amenisihi niiruke, jina la mama yake lisichafuke. Mwanangu, nisamehe. Imeandikwa hivi: "Mstari ule ni wangu. Dwight aliliona kosa kabla yetu sote, na mimi nilijua."

Alifariki tarehe 11 Oktoba 2023, akiwa na miaka sabini na saba. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na Bi. Arlene Pelkey, mama yake Dwight, aliyesafiri saa sita kuja kuketi safu ya tatu, ambaye hatujui tumwambie nini.

Dada, sikuruka. Ukimkuta Dwight huko, safari hii msikilize, kisha ndipo upumzike kwa amani.