Kamba ya Buluu ya Wilf Tagg

"Wilf! Wilf Tagg! Toka nje, funza wako wamo kwenye siagi yangu!"

"Una ushahidi gani kuwa ni wangu?"

"Wamepakwa rangi nyekundu, Wilf! Nani mwingine mtaa huu anawapaka funza rangi?"

"Labda wameona haya wenyewe, kwa walichokikuta jikoni kwako."

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Maneno hayo yalisikika Jumamosi moja ya Oktoba katika Mtaa wa Kilnhouse, hapa hapa Marnby, na waliokuwa bado wamelala waliamka. Aliyekuwa akipiga kelele ni Stan Moxon wa namba kumi na sita, aliyetuletea barua mjini humu mpaka magoti yakamgomea. Aliyekuwa akimjibu, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, namba kumi na nne. Huyo ndiye Wilf Tagg. Huyo ndiye tunayemkumbuka leo.

Wilf Tagg, fundi wa kupiga lipu. Wilf Tagg, mvuvi wa mshipi wa kila Jumamosi. Alitutoka Jumanne ya wiki juzi, mchana, akiwa na miaka sabini na minne. Ukiwa umekaa ndani ya nyumba yoyote ya zamani mjini hapa, gusa ukuta. Kuna uwezekano mkubwa unamgusa Wilf.

Sasa, kuhusu wale funza. Mkewe, Bi Beryl, alikuwa amempiga marufuku kuweka kopo la chambo ndani ya friji. Wilf akaliweka nje, juu ya ukuta unaozitenga nyumba mbili. Usiku mvua ikanyesha. Kila mvuvi wa hapa anajua kwamba funza mkavu anateleza kwenye plastiki, harudi juu. Ila funza aliyelowa anapanda kama fundi wa bati. Walipanda wote, wakashukia upande wa Stan, wakapita chini ya mlango, wakaikuta meza ya kifungua kinywa imeshaandaliwa.

"Alikuwa anayajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote," Bi Beryl aliniambia. "Kila vuli alisahau."

Vuli ndiyo ilikuwa majira yake, wasikilizaji. Kiangazi kilimchosha. Majani yakianza kugeuka manjano kando ya mto Trent, Wilf alianza kuzungumza na kiboya chake, kile kinachoelea na kutikisika samaki akidonoa, kama mtu anayezungumza na mbwa. Na mto ulimtendea ulivyotaka. Jumamosi moja anarudi anapiga mluzi tangu kona ya kanisa. Jumamosi tatu zinazofuata anarudi kapa, kichwa kimeinama, anapita mlango wa nyuma.

Yapo yanayojulikana na mji mzima. Kuna siku batamaji alimeza mshipi wake, akamkokota Wilf mita hamsini kwenye matope mbele ya watu waliokuja kufunga ndoa. Picha ipo. Bwana harusi anaangalia batamaji, bibi harusi anaangalia Wilf. Kuna siku alikaa juu ya kiti chake kipya cha kukunja, kiti kikaanza kuzama taratibu kwenye udongo laini wa ukingoni, naye akakataa kusimama kwa sababu kiboya kilikuwa kinatikisika. Alivua samaki mmoja wa ukubwa wa kijiko, akiwa amekaa majini mpaka kifuani.

Na hakuleta samaki nyumbani hata mara moja. Hapa kwetu samaki wa mtoni haendi jikoni. Anavuliwa, anapimwa, anarudishwa majini akiwa hai. Bi Beryl alizoea kusema sokoni, kwa sauti ya kusikika: "Miaka arobaini na tisa nimeolewa na mvuvi. Samaki nanunua dukani kama wajane."

Sasa ni mjane kweli. Aliniambia hilo mwenyewe, akacheka, kisha akaenda kuosha kikombe kilichokuwa tayari kisafi.

Wasikilizaji wapendwa, huwezi kumzungumzia Wilf bila kuizungumzia siku ya Kombe la Majani. Wengine mnaijua kwa kuisikia baa. Leo isikieni yote.

Ilikuwa vuli kumi na moja zilizopita. Kombe la Majani ni shindano la chama chetu cha wavuvi, Jumamosi ya pili ya Oktoba. Wilf alikuwa ameshiriki mara ishirini na sita na hajawahi kulishika. Asubuhi hiyo namba zilichotwa kwenye kofia kama kawaida. Wilf alipata kigingi cha tisa, yaani nafasi ya tisa ya kuvulia, chini ya mti uliolala mtoni. Stan alipata cha kumi. Wakati huo Wilf na Stan walikuwa chanda na pete. Ukimwona mmoja, unauliza mwingine yuko wapi.

Saa nne Wilf akavua samaki wake wa kwanza, brimu, mpana kama sinia, anateleza kama sabuni. Akamweka ndani ya wavu wa kuhifadhia, ule mrefu kama soksi, uliozamishwa majini kando yake. Akaja wa pili. Akaja wa tano. Ilipofika saa nane walikuwa kumi na tisa. Watu waliacha vigingi vyao wakaja kumtazama. Stan mwenyewe alikunja mshipi wake, akasimama nyuma ya rafiki yake na chupa ya chai.

"Usiseme kitu," Wilf alimwambia bila kugeuka.

"Sijasema."

"Unapumua kwa sauti."

Saa kumi jioni mizani ikafika. Wilf akainuka, akavuta wavu. Ulikuja mwepesi. Aliuvuta wote mpaka mwisho. Ndani yake mlikuwa na majani yaliyolowa na kisamaki kimoja cha urefu wa kidole.

Wavu wa kuhifadhia una midomo miwili, wasikilizaji. Wa juu ni wa kuingizia samaki. Wa chini hufungwa kwa kamba, na kamba hiyo hufunguliwa wakati wa kuuosha na kuuanika. Siku ile mdomo wa chini ulikuwa wazi. Kamba haikuwepo. Brimu kumi na tisa waliingia juu, wakatokea chini, mmoja mmoja, mchana kutwa.

Hakuna aliyecheka. Mpimaji, mtu wa haki, alikiweka kile kisamaki kwenye mizani. "Wakia moja, Wilf. Niandike?"

Wilf alimgeukia Stan.

"Wavu huu nilikuazima."

"Nimeurudisha Alhamisi. Nimeufunga."

"Ulikuwa wazi."

"Nimeufunga, Wilf. Kwa ile kamba yako ya buluu."

"Basi usikanyage kizingiti changu mpaka siku utakayokiri."

Aliyasema hayo mbele ya watu thelathini. Na Stan Moxon, aliyekanyaga vizingiti vyote vya mji huu kwa miaka thelathini na mitatu, hakukanyaga tena kizingiti cha namba kumi na nne. Vuli kumi na moja. Hakukiri, na hakuingia.

Lakini msidhani walinuniana. Laiti wangenuniana, mtaa ungepumzika. Waligombana kila siku ya Mungu, kila mtu upande wake wa ukuta. Waligombania majani ya mti. Waligombania redio. Ile asubuhi ya funza ilikuwa vuli ya nane. Na kila walipofika mwisho wa maneno, Wilf alimalizia vilevile: "Kiri, Stan!" Naye Stan: "Niliufunga!" Kisha kila mtu anaingia kwake kunywa chai.

Tuje vuli hii, wasikilizaji. Vuli yake ya mwisho.

Mwezi Septemba mapafu ya Wilf yalikuwa yameshachoka. Vumbi la lipu halisahau. Mtoni hakuweza kwenda tena, ila alitaka koti lake la uvuvi, lile la kijani, avae akiwa amekaa dirishani. Bi Beryl akalishusha kutoka darini. Alikuwa amelificha huko kwa sababu ya harufu.

Wilf akaingiza mkono mfuko wa ndani. Mfuko ulikuwa umetoboka. Kidole kikapita kwenye tundu, kikashuka ndani ya bitana, kikagusa kitu. Akakivuta.

Kamba ya buluu.

Na pale dirishani, koti mabegani, siku ile ikamrudia yote, kama ilivyokuwa. Ijumaa ile, jioni, kabla ya shindano. Stan ameurudisha wavu, bado una unyevu. Yeye Wilf akaufungua chini auanike kwenye kamba ya nguo. Akatia ile kamba mfukoni, akajiambia, hapa haitapotea. Asubuhi akaukunja wavu mbio mbio. Hakukumbuka tena. Hakutaka kukumbuka, labda.

"Beryl," alisema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyewaachia wale brimu."

Bi Beryl aliitazama kamba, akaelewa. Akamwambia kwa ukali wa mtu anayependa: "Dirisha hilo hapo. Ukuta huo hapo. Stan huyo hapo anafagia. Mwite umwambie."

Wilf akafungua dirisha. "Stan!"

"Nini tena?"

Wilf alikuwa na maneno yote mdomoni. Aliweza kumwambia mtu yeyote duniani kwamba kiboya chake kimechorwa vibaya. Hili hakuliweza.

"Mto umejaa?" akauliza.

"Umejaa hadi kwenye ngazi. Funga dirisha, utapata baridi."

Akafunga. Alijaribu tena Alhamisi. Akajaribu Jumamosi, akaishia kuzungumzia hali ya hewa. Jumatatu jioni alimkabidhi Bi Beryl ile kamba, akamfumba kiganja kwa mikono yake miwili. "Mpe wewe," alisema. "Mimi sina uso." Kesho yake, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukigusa, Wilf Tagg akatuacha.

Mazishi mliyaona. Mvua ya rasharasha, wavuvi wamevaa tai na mabuti. Stan Moxon alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, magoti yale yale mabovu, na hakukubali kupokewa. Baadaye watu wote wakaenda namba kumi na nne, kama ilivyo desturi, kwa chai, mikate ya nyama ya nguruwe na vitunguu vya siki. Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Stan alifika mlangoni akasimama.

"Pita basi, mzee, unaziba njia," mtu alimwambia.

"Sijaruhusiwa," Stan akajibu.

Watu wakadhani ni utani wao ule ule. Alirudi kwake, akakaa juu ya ukuta na suti yake nyeusi, akisikiliza kelele za nyumba ambayo angeweza kuigusa kwa mkono.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Bi Beryl Tagg, kwa chama cha wavuvi wa mshipi, na kwa Mtaa wote wa Kilnhouse, ambao siku hizi una utulivu usiozoeleka wala kufurahiwa na mtu. Wilf alikuwa mtu mzuri aliyekosea jambo moja na akashindwa kulisema. Mkimaliza kunisikiliza, pekueni mifuko yenu. Mifuko ya ndani. Ile iliyotoboka. Kama kuna neno la mtu humo, mpelekeeni angali anafagia.

Na kabla sijawaaga, mwisho wa kisa hiki, maana ni wa juzi Ijumaa na Bi Beryl amenipa ruhusa.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana, Stan alikuwa nje akifagia majani. Bi Beryl akatoka na aproni yake, akanyoosha mkono juu ya ukuta, akafumbua kiganja.

"Hii ilikuwa kwenye koti lake," alisema. "Yeye ndiye aliyeufungua. Alitaka ujue. Alijaribu kukwambia mara tatu."

Stan aliitazama ile kamba. Hakushtuka.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilimwona, Beryl. Ijumaa ile, kutoka dirisha langu la juu. Anaufungua, anatia kamba mfukoni."

Bi Beryl aliegemea ukuta. "Umejua miaka kumi na moja?"

"Nilikuwa nimwambie pale pale mtoni. Nikamwangalia uso. Nikasema, huyu akijua ni yeye mwenyewe, kesho anauza vifaa vyote na mtoni harudi. Nikaona heri anichukie mimi, Jumamosi aende kuvua."

"Na baadaye?"

"Baadaye na mimi nikawa mkaidi. Mtu ananikataza kizingiti mbele ya watu thelathini! Nilingoja aniite." Akafuta pua kwa glavu. "Aliponiuliza kama mto umejaa, nilijua anataka kusema nini. Ningeweza kumrahisishia. Sikumrahisishia."

Walisimama pale, ukuta katikati yao. Stan akaichukua kamba, akaizungusha kidoleni, akaifunga fundo, akalivuta kuona kama limeshika. Lilishika.

Kisha Bi Beryl akarudi hadi mlangoni kwake, akaufungua mpaka mwisho, akauzuia kwa buti la Wilf.

"Vua viatu, Stan Moxon, una matope. Uingie ule, kinapoa."

"Umepika nini?"

"Samaki," alisema Bi Beryl. "Wa dukani."