Chumvi ya Haluli kwenye Mshipa

Benchi letu liko pale njia ya Msamvu inapokutana na ile inayoshuka kutoka milimani, kwenye ukuta wa duka la ushirika ambalo mwaka ule lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Ukitaka kujua jambo lolote la Morogoro, tuulize sisi; tutakujibu hata kama hatujui, na hasa kama hatujui. Anselmi wa kahawa anakaa na jiko lake upande wa kulia. Mimi nashona viatu upande wa kushoto. Katikati wanakaa Rehani, ambaye kila mtu anamwita Redio, na Abdallah, balozi wetu wa nyumba kumi, na mzee Bartholomeo tunayemwita Dresa kwa sababu alifunga watu vidonda miaka kumi na mitano katika zahanati ya shamba la mkonge kule Ngerengere. Jumamosi hiyo tulikuwa tumemzika juzi Paskalia, mke wa Stephano na binti wa dada yake Dresa, pamoja na mtoto wake tumboni. Wote tulijua kilichosemwa kwenye benchi lile siku ya Jumanne. Tulikuwa tunaongea ili kisitajwe.

REDIO: Mimi nasema ni unga wa yanga. Mjamzito akiula ule unga wa njano miezi mitatu, lazima avimbe miguu.

BALOZI: Acha zako. Nyumba zangu kumi zote zinakula unga huo. Mbona mkeo hajavimba?

REDIO: Mke wangu hana mimba.

BALOZI: Kwa kelele zile tunazozisikia kwenu, sishangai.

Siku nyingine tungecheka mpaka kahawa imwagike. Siku hiyo Anselmi peke yake alitabasamu, tena akajificha nyuma ya dele la kahawa.

ANSELMI: Unga hauvimbishi uso. Ni nyumba ile. Stephano kaoa, kajenga, hakuuliza mtu pale chini kuna nini. Mimi namkumbuka Mhindi aliyezikwa karibu na ule mfereji.

BALOZI: Wahindi hawaziki, wanachoma.

ANSELMI: Huyu alizikwa.

REDIO: Sikilizeni basi, niwape ya ukweli. Shemeji yangu anafagia pale hospitali ya misheni. Wanawagonga wajawazito magoti kwa nyundo! Goti likiruka, wanaandika kwenye karatasi. Sasa nauliza, mtu anaumwa kichwa, goti linahusu nini?

MIMI: Labda wanapima nguvu.

REDIO: Ndiyo hapo! Nguvu za nini? Wanatafuta wenye magoti mazima wakalime kwenye vijiji vipya.

BALOZI: Rehani, angalia mdomo wako. Mimi ni kiongozi hapa.

REDIO: Nimeuliza tu, ndugu Balozi.

Kikombe cha Dresa kilikuwa kimejaa tangu asubuhi na kimeshapoa. Mbele yake ulikuwepo ule ubao wa bao, na kete zilikuwa zimekaa vilevile zilivyoachwa Jumanne, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuzigusa.

DRESA: Dawa ile naijua.

Tukatazama chini wote.

DRESA: Ni chumvi ya haluli. Kule Ngerengere ilikuwa inaletwa kwa magunia. Manamba wa kukata mkonge akisema tumbo limefunga, namkorogea vijiko viwili kwenye kikombe cha maji. Mpaka saa saba ameshakimbilia kwenye mkonge mara nne. Nimewapa watu kujaza soko zima. Stephano aliponiletea ile karatasi ya Sista wa hospitali, nilisoma mwenyewe. Magnesiamu. Neno lilelile lililokuwa kwenye magunia.

BALOZI: Hakuna aliyesema hukusoma, mzee.

DRESA: Mtu mzima inamwendesha hivyo kwa kuinywa. Sasa mjamzito, tena kwenye mshipa?

REDIO: Hata mimi ningesema hivyohivyo.

ANSELMI: Yeyote angesema.

Nami nilisema, tena nilisema zaidi. Jumanne saa tisa mchana Stephano alikuja anakimbia, shati limefunguka vifungo, na karatasi mkononi. Mkewe anaumwa kichwa, anaona vimulimuli machoni, presha imepanda. Sista anataka kumtundikia dripu kumkinga na kifafa cha mimba kabla hakijamkamata. Paskalia amekataa mpaka mjomba aseme. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Mume anaomba tu. Dresa akasoma, akatikisa kichwa, akasema wasubiri, wasimguse, anamaliza mchezo anakuja mwenyewe kuongea na huyo Sista. Mimi nikaongeza kwamba kama ni dripu ya kuharisha, wamsogezee na choo kabisa. Watu wakacheka. Stephano hakucheka. Akarudi na jibu letu mbio vilevile alivyokuja.

Mchezo ule Dresa alishinda. Balozi akadai warudie, nao wakarudia. Kabla jua halijazama tukaona watu wanateremka kutoka hospitali, na Stephano katikati yao ameshikwa mikono. Kifafa kilikuwa kimempiga Paskalia mara tano, hata dawa walipompa bila kungoja ruhusa ya mtu ilikuwa imeshachelewa.

REDIO: Na bado nasema unga wa yanga una lake.

Ndipo akaja mwanamke mmoja kutoka upande wa hospitali, anatembea polepole kwa kujishika nyonga, mtoto mchanga kifuani, na kanga iliyokunjwa vizuri mkononi. Miguu yake ilikuwa bado na uvimbe, viatu amekanyaga visigino.

MWANAMKE: Shikamooni.

SOTE: Marahaba.

MWANAMKE: Naitwa Ester, natoka Mgeta. Naulizia nyumba ya Stephano, mume wa marehemu Paskalia.

BALOZI: Nyumba ni ile yenye mlango wa bati. Lakini Stephano amepanda mlimani kwa mama mkwe wake. Wewe ni nani kwao, binti?

ESTER: Si mtu wao. Tulilala vitanda jirani pale wodini. Aliniazima kanga nilipokuwa natetemeka, nami nimeruhusiwa leo. Sikuweza kuondoka nayo.

ANSELMI: Wewe ulikuwa unaumwa nini?

ESTER: Hichohicho alichokuwa nacho yeye. Mimi kifafa kilikuwa kimeshanipiga mara moja nyumbani. Nilipofika tu wakanitundikia ile dripu.

Dresa akainua kichwa. Aliuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama mtu anayeomba kitu.

DRESA: Tumbo halikukuendesha?

ESTER: Tumbo? Hapana, babu. Nilisikia joto tu, mwili mzima, na jasho. Sista hakuniacha. Alikuwa anahesabu pumzi zangu, anapima mkojo, ananigonga goti kwa kinyundo. Alisema goti likiacha kuruka, dawa imezidi, anaifunga. Na kichupa cha dawa ya kuikata nguvu kilikuwa tayari kwenye sahani, kando ya kichwa changu.

Redio akainamia miguu yake. Mtoto akalia kidogo, Ester akamhamishia bega la pili.

DRESA: Ni mtoto gani?

ESTER: Wa kiume, babu. Paskalia alitaka wa kike.

Niliona aibu ambayo hata leo haijaniisha. Nilikuwa nimeshika kiatu cha mtu na sindano, na sikumbuki nilikuwa nashona wapi.

ESTER: Basi kama mumewe hayupo, kwetu vitu vya marehemu anapokea mjomba. Mnamfahamu mjomba wake? Alikuwa anatusimulia habari zake wodi nzima. Anasema ni mtu wa dawa, amesomea, akifika atasema na Sista mambo yatanyooka. Mlango ukifunguka anageuza kichwa. Hata macho yalipokuwa hayaoni vizuri alikuwa ananiuliza mimi, eti, ndiye? Namwambia bado.

Hakuna aliyesema kwamba mjomba ndiye yule aliyekaa mbele yake. Ester akatafuta pa kuweka kanga; benchi lilikuwa limejaa, chini palikuwa na vumbi. Akaiweka juu ya ubao wa bao, juu ya kete.

ESTER: Naomba mmoja wenu amfikishie. Mimi nawahi gari la Mgeta. Lakini nilitaka nimuulize mwenyewe, maana yule dada alikufa anangoja. Anakaa mbali sana? Kilimchelewesha nini?

Anselmi alishika dele akainamisha, halafu akakumbuka kwamba vikombe vyote bado vimejaa. Ester akatutazama mmoja mmoja, akaaga, akaenda. Dresa aliweka mkono juu ya ile kanga na hakuuondoa.