Waliponipaka Masizi Nifanane na Chokoraa

Bwana asifiwe, kanisa! Ai, mbona mnaitikia kama watu walionyimwa chai? Bwana asifiwe tena! Amina. Mimi ni Kyalo, mtoto wa hapa hapa Tseikuru, nimeokoka na ninampenda Yesu.

Ndugu zangu, baba yangu mzazi alinifukuza. Mbuzi wake walipotea malishoni, akasema nimewauza mjini Mwingi. Nikaapa, nikalia, wapi! Akasema mwizi hawezi kulala bomani mwake. Basi nikaenda kulala huko huko Mwingi, kwenye veranda ya duka, juu ya katoni. Mchana nilipakua malori, jioni niligombania kona na wenzangu. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: baba ajue kwamba sikuiba.

Siku moja wakaja vijana kutoka Tawa na kamera. Walikuwa wanatengeneza sinema ya chokoraa anayerudi kwao, wakanichukua mimi niigize! Lakini mwenye kamera akanitazama, akasema, "Huyu hafanani." Hafanani na nini, jamani? Mimi ndiye mwenyewe! Wakanipaka masizi ya sufuria usoni, wakanipasulia shati nililokuwa nimefua vizuri. Nikicheka wananikemea, eti chokoraa hacheki. Nani aliwaambia? Sisi wa veranda tulicheka sana, la sivyo tungekufa.

Tukafika mwisho wa sinema. Mzee mmoja wa kuigiza akasimama kama baba yangu, nami nipige magoti niseme, "Baba, nimekosa, nisamehe." Ndugu zangu, magoti yalikubali, mdomo ukakataa! Kwa sinema zao kila anayelala nje ndiye mkosaji. Moyo ukanichemka, nikapaza sauti: "Baba, mimi ni Kyalo wako wa Tseikuru, na mbuzi wako sikuwauza!" Nikalia machozi ya kweli, masizi yakatiririka mpaka shingoni. Yule mzee naye akalia. Mwenye kamera akasema, "Iacheni hivyo hivyo."

Mungu wetu ni wa ajabu! Sinema ikasambaa kwenye simu, dada yangu Mwende akaiona, akamwekea baba aitazame.

Siku ya soko la mbuzi pale Mwingi, nikamwona baba anakuja. Hatukukimbiliana kama watu wa sinema. Akasema, "Kyalo, wale mbuzi walipatikana kitambo, walikuwa wamechanganyika na wa jirani. Niliona haya kukutafuta. Nisamehe, mwanangu."

Baba yangu! Mzee mkali vile, mbele ya soko zima! Kisha akanikabidhi kamba za mbuzi aliowanunua siku hiyo, akasema watu wote wasikie, "Wapeleke nyumbani. Nakuamini." Akatangulia, wala hakugeuka kutazama nyuma. Haleluya! Nililia njia nzima, nikiimba.

Asante Yesu, umeniondolea aibu! Ndugu yangu uliyesingiziwa, usichoke kuomba, Mungu anaujua ukweli wako. Mtegemee. Na wewe mzazi unayejua ulimwonea mtoto wako, usingoje sinema, mfuate leo. Wazee mnaogopa neno "nisamehe" kana kwamba linaua. Baba yangu alilisema. Baba, hebu simama hapo ulipo. Kanisa, mnamwona? Yuko hai, tena amenenepa!