Mama Amiba Aiaga Maabara ya Pili

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mtafiti wetu wa bakteria anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Amiba.

Jina hilo alilipata kihalali. Amiba ni viumbe wa seli moja, wasioonekana kwa macho, ambao hutafuna bakteria kama mtu atafunavyo karanga. Mwaka mmoja walivamia sahani zake za kuoteshea bakteria, wakazifagia zote, likabaki doa moja la bakteria wa zambarau. Sisi tulikuwa tumeshaleta ndoo ya taka. Akatuomba subira, akainamia hadubini. Kuzunguka doa lile amiba walikuwa wamekufa fofofo: bakteria wale walikuwa wakitoa sumu ya kujilinda.

Tulishangilia mapema mno. Alipowatenga bakteria wake, akawalisha vizuri na kuwaweka pasafi, sumu ilipungua, kisha ikakatika kabisa. Akahangaika miezi na miezi. Mkurugenzi, kwa shingo upande, alimwarifu kwamba mwaka ukiisha chumba chake, Maabara ya Pili, kitapewa mradi mwingine. Siku hizo Mama Amiba alipita koridoni bila hata kututania.

Ukombozi ulitoka mezani kwake nyumbani. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akilalamika kwamba tangu wajenge ukuta, mbwa wao amekuwa mvivu, habweki tena. Mama Amiba aliweka kikombe chini, akacheka peke yake. Kesho yake alituuliza: “Hawana adui hawa, sumu watengeneze ya nini?” Akawarudishia amiba. Haikupita wiki, sumu ikarudi, na chumba kikabaki chake.

Leo madaktari wa macho wanaijaribu kemikali hiyo, kwani wapo amiba wanaoshambulia macho ya watu. Dawa bado haijapatikana, na ole wako ukitangaza mapema mbele yake!

Juzi alimkabidhi funguo binti aliyefundishwa kazi naye. Akatuaga, akafika mlangoni, akageuka kwenda kuangalia tena joto la kabati la bakteria. Hakuna aliyemcheka, wengine tulijifanya tunafuta miwani.

Dada yetu, asante kwa yote. Nenda kapumzike kwa raha, afya iwe nawe, na maisha yako mapya yawe mema.