Futa, Sifuti

Basi la kwenda Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, lilinuka makoti yaliyolowa mvua. Mbele yangu mama mmoja alikuwa akiandika kwenye simu kwa hasira, na mzee aliyeketi kando yake akachungulia bila haya.

"Unamgombeza nani, mama?"

"Naandika kwenye blogu yangu. Jana polisi walinijia nyumbani. Niliandika kwamba diwani wetu anataka kamera kila mtaa isipokuwa mtaa wake. Eti nifute, namsumbua."

"Si ufute basi? Mimi ni polisi mstaafu. Ningekuja kukubishia hodi mwenyewe."

"Ningekupa chai kama nilivyowapa wao, kisha nikuulize, uongo uko wapi?" Akamkabidhi simu.

Mzee akavaa miwani, akasoma polepole. Sisi Waingereza hujidai hatusikilizi ya watu, lakini basi zima lilitega masikio.

"Uongo sijauona," akasema. "Ila una mdomo, mama! Unafanya kazi wapi?"

"Napika shuleni."

"Shule ya halmashauri? Watakufukuza."

"Wanifukuze. Sifuti ng'o, na leo naongeza habari za hao polisi. Wewe pia nakutia humo."

"Mimi? Nami bado nasema ufute!"

"Nitaandika hivyo hivyo: mzee mmoja kwenye basi alinikataza."

Basi likasimama kituoni. Mzee akainuka, akajifunga koti.

"Mzee mmoja ndiye nani? Habari isiyo na jina ni umbeya," akasema. "Andika Norris Akroyd."